Je, Ni Halali Kula Mbegu?

Kila mwaka mvua zinapokaribia Kipushi, swali moja huingia katika nyumba nyingi bila kubisha hodi. Juu ya moshi wa jiko yananing'inia mahindi yaliyochaguliwa wakati wa mavuno. Katika kibuyu mna maharagi yaliyochanganywa na majivu ili wadudu wasiyale. Hiyo ndiyo mbegu. Lakini unga umekwisha, fedha hazijafika, na watoto wanataka bukari. Mama hutazama juu ya jiko, kisha huwatazama watoto. Je, ni halali kula mbegu?

Wengine watasema: hilo ni jambo la tumbo, si la dini. Sisi twaona vingine. Hilo ni swali la haki, nalo laanza hivi: mbegu ni mali ya nani?

Twaiita yetu, lakini sisi hatukuiumba. Tuliipokea kwa mama, naye aliipokea kwa mama yake. Kila mwaka palikuwa na mtu aliyeweza kula hindi lile zuri, lakini akaliweka kando. Hata mahindi yenyewe, tunayoyadhani ya kwetu tangu mwanzo, asili yake ni Amerika. Yalivuka bahari, yakapita mikononi mwa watu wengi tusiowajua, hata yakafika Katanga. Basi, mbegu ni deni. Twadaiwa na waliotutangulia, na hao hatuwezi kuwalipa tena. Twawalipa wale watakaokuja.

Watu wa Kipushi wanajua jambo hili kwa uchungu. Tangu miaka ya 1920 mgodi ulivuta watu kutoka pande zote, na Union Minière iliwapa wafanyakazi wake posho. Mtu aletewaye unga mlangoni, ana haja gani ya kuhifadhi mbegu? Wako akina mama walioendelea kulima, lakini wengi walisahau. Mwaka 1993 mgodi ukasimama. Ndipo watu waliozoea mshahara wakashika jembe, wakaenda kuomba mbegu kwa ndugu na majirani. Wale waliochekwa kwa vibuyu vyao ndio waliowapa wengine.

Mwaka 2024 mgodi ulianza tena kutoa zinki, nasi twafurahi kwa ajili ya kila baba aliyepata kazi. Lakini mwaka huohuo ukame mkubwa uliipiga Zambia, ambako Katanga hununua mahindi na unga mwingi. Mwezi wa nane, kwa ugomvi wa biashara, mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania ilifungwa kwa muda mfupi. Mshahara ni kitu chema, lakini mshahara hauoti.

Hatusemi kwamba mbegu ya dukani ni mbaya. Mahindi chotara huzaa sana yakipata mbolea na mvua. Lakini ukipanda tena punje zake, mazao hayatafanana na mama yao, na mara nyingi yatapungua. Yakupasa kununua tena kila mwaka. Mwaka usipokuwa na fedha, hupandi. Aliye na mbegu ya nyumbani hata akiwa maskini aweza kuanza.

Je, basi, mbegu ilindwe hata kwa kifo? Wako watu waliofanya hivyo. Katika mji wa Leningrad, nchini Urusi, palikuwa na nyumba kubwa ya mbegu zilizokusanywa na mtaalamu Nikolai Vavilov na wenzake kutoka nchi nyingi, hata Ethiopia. Tangu mwaka 1941 hata 1944 majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji huo, na watu wengi mno walikufa kwa njaa. Walinzi wa mbegu walikaa katikati ya mpunga, ngano na karanga, wala hawakuzila. Dmitri Ivanov alitunza mpunga, akafa kwa njaa. Alexander Shchukin alitunza karanga, naye akafa. Vavilov mwenyewe, aliyefungwa na serikali yake, alikufa gerezani Saratov mwaka 1943 kwa kukosa chakula.

Twawaheshimu watu hao. Lakini wao walitoa uhai wao wenyewe. Mama hawezi kuambiwa atoe uhai wa mtoto wake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba katika shida kubwa kabisa, mtu akitwaa kilicho cha lazima ili asife, hafanyi wizi. Kwa hiyo twajibu wazi: mama aliyepika mbegu ili mtoto aishi hakutenda dhambi. Mbegu iliwekwa kwa ajili ya watakaokuja, na mtoto huyo ni mmoja wao.

Lakini swali halijaisha. Mvua zikinyesha, mama huyo atapanda nini? Hapo lawama yahama. Yatoka nyumbani kwake, yaja kwetu sisi majirani. Kama tulikuwa na kibuyu kilichojaa, tukamwona akipika mbegu yake ya mwisho, tukanyamaza, nani aliyekula mbegu? Sisi ndio.

Wazee husema akiba haiozi. Lakini mbegu yaoza. Karanga iliyowekwa miaka mingi haioti tena; maharagi huliwa na wadudu. Mbegu haihifadhiki kwa kufungiwa, bali kwa kupandwa na kugawiwa. Iliyo katika nyumba moja yaweza kuisha usiku mmoja. Iliyo katika nyumba kumi, njaa haiimalizi upesi. Bwana wetu alisema habari ya punje isipokufa katika udongo hukaa peke yake. Choyo ndiyo hiyo punje inayokaa peke yake.

Basi, tuwe na bustani hata ndogo, mbali na udongo uliochafuliwa na mabaki ya mgodi. Tupande lengalenga, maboga na maharagi ya bibi zetu. Wakati wa mavuno tuchague mbegu kabla ya kula, wala si katika masalio. Na siku tutakapopeleka mbegu kanisani zibarikiwe, tufunge mafungu mawili: moja la shamba letu, la pili la yule ambaye kibuyu chake ki tupu. Zaburi yasimulia mtu aendaye shambani akilia, na mbegu mkononi. Tusimwache aende peke yake.