Mizani ya Chombo Baharini

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ipate kubeba vyombo kwa amri yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu, watu wa pwani na visiwa! Katika Surat Rahman Mwenyezi Mungu ametaja kuwa ameiinua mbingu na kuweka mizani, akatukataza kuruka mpaka katika mizani hiyo. Kisha katika sura hiyo hiyo ametaja merikebu ziendazo baharini mfano wa milima, kuwa ni zake Yeye. Wengi wetu tusikiapo neno mizani hukumbuka ratili na pishi za dukani tu. Walakini chombo nacho kina mizani yake, na mwenye kuipunja hiyo hapunji mchele, bali hupunja roho za watu.

Natuangalie basi chombo kinavyosimama juu ya maji. Chombo huelea kwa kuwa husukuma maji yaliyo sawa na uzito wake, na maji nayo hukiinua kwa nguvu ile ile. Jambo hili alilieleza Archimedes, Myunani, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na wanavyuoni wetu wakalipokea na kulichunguza. Miongoni mwao ni al-Khazini katika kitabu chake cha Mizani ya Hekima, alichokitunga mwaka 515 wa Hijra, yaani 1121.

Lakini kuelea si kusimama wima. Uzito hukivuta chombo chini, na maji hukiinua katikati ya sehemu iliyozama. Upepo ukikilaza upande, upande ule huzama zaidi, na nguvu ya maji huhamia huko ikaunyanyua. Basi chombo hurudi wima, kama mtu aliyeshikwa kwa mikono miwili. Ndiyo sababu mabaharia wetu, jahazi lisipokuwa na shehena, waliweka farumi ya mawe chini kabisa, juu ya mkuku. Bali mizigo na watu wakirundikwa juu, uzito nao hupanda. Na ukipita kiasi, ile mikono miwili iliyokuwa ikikirudisha ndiyo itakayokipindua. Mpaka wa kiasi hicho aliueleza Bouguer, Mfaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1746, na mafundi wa merikebu waupima hata leo.

Na maji ya ngamani ni adui wa ndani. Chombo kikilala, nayo hukimbilia upande ule ule yakazidi kukilaza. Shehena isiyofungwa ni vivyo hivyo, na abiria wakimbiliao ubavu mmoja ni vivyo hivyo.

Ama upepo, haukisukumi chombo kwa nyuma tu. Nahodha ajuaye kubisha hupanga tanga lake, upepo wa ubavuni ukalisukuma, na mkuku ukazuia chombo kisiende kombo. Basi huponyoka kwenda mbele, kama kokwa ya zambarau ibanwapo kwa vidole viwili. Lakini upepo ule ule umpelekao ndio umlazao; kwa hiyo mwenye busara hutua tanga kabla ya dhoruba kumfikia. Na mawimbi huyaelekeza omoni kwa mshazari, wala hayaachi yampige ubavuni mfululizo. Kwani yakipatana na mwendo wa kuyumba kwa chombo, huwa kama mtu asukumaye pembea kwa wakati wake, kila mara ikazidi kupanda.

Ndugu zangu, haya si maneno ya vitabuni tu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi, nayo imebeba watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa. Na tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa la Viktoria, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa watu wapatao 100, kilipinduka karibu na gati ya Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mwenyezi Mungu awarehemu Waislamu waliokuwamo, na awape subira wafiwa wote.

Ikisha kutokea misiba kama hii, husikia watu wakisema: Ni kadari ya Mungu. Naam, ni kadari, na atakayeikanusha hana imani. Walakini kadari ni ya kumliwaza mfiwa. Si ngao ya mwenye chombo aliyepokea nauli ya mtu wa mia mbili katika chombo cha watu mia. Mtume wetu s.a.w. alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu.

Na katika madhehebu yetu, Imamu Nawawi ametaja katika Minhaj kuwa kupanda bahari kwa ajili ya Hija humlazimu mtu iwapo usalama ndio ulio mwingi. Tena ametaja kuwa chombo kikikaribia kuzama yajuzu kutupa mizigo, na huwa wajibu ikitarajiwa kuwa ndiko kuokoka kwa abiria. Basi fikirini, enyi wenye akili! Ikiwa sheria yawajibisha mali itupwe majini ili roho iokoke, itakuwaje halali kuipakia bandarini mali ile ile ya kuangamiza roho?

Na wewe abiria, usidhani umesalimika na lawama. Mtume s.a.w. alitupigia mfano wa watu waliogawana chombo, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao wapate maji. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiliwa, wataokoka wote. Basi umwonapo nahodha akizidisha watu, nawe ukanyamaza kwa kuogopa kuachwa gatini, umeliona tundu likitobolewa. Sema, wala usiposikizwa, shuka. Kesho kuna chombo kingine, bali roho haina nyingine.

Ewe Mola wetu, watie wenye vyombo khofu yako, na manahodha amana, na abiria ujasiri wa kusema haki. Na uwafikishe salama wasafiri wa bara na bahari. Amin.

Wabillahi ttawfiq.