Mpigie Shangazi Jioni Hii

Msibani tunahesabu ukoo mpaka babu wa saba. Lakini uliza marehemu aliugua nini, sauti zinashuka. "Tumbo." "Aliumwa muda mrefu." Na wajukuu zake wamekaa pale pale jamvini, wanazika habari ambayo ingewafaa wao.

Basi, inatosha! Wa kuuvunja ukimya huo ni wewe.

Chukua daftari la shule. Mfuate bibi anapochambua mchele, chambueni wote. Usimdai tarehe. Muulize tu, "Bibi, yule dada yako alianza kuumwa wapi?" Atakwambia titi liliota kitu kigumu kama kokoto, halafu kidonda. Lini? "Mwaka wa Uhuru, kitindamimba wake yuko mgongoni." Andika: titi, 1961, hajafika 45. Umri huo una uzito, kwa sababu saratani ya kurithi mara nyingi huwahi kuja, kabla ya miaka 50.

Halafu vuka upande wa baba. Hapa wengi tunakosea, tukidhani saratani ya matiti hutoka kwa mama tu. Hitilafu katika jeni za BRCA1 na BRCA2 baba huibeba na kuirithisha sawa na mama, na kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuipata. Shangazi basi ni shahidi wako mkubwa! Akikutajia mwanamume aliyeugua titi, au mwanamke aliyeugua saratani ya ovari, pigia mstari.

Usiogope utakachosikia. Katika saratani 100, zinazotokana na jeni ya kurithi ni kama 5 hadi 10, na aliyerithi jeni hajarithi ugonjwa wenyewe. Ila anastahili kuchunguzwa mapema. Kwa saratani ya utumbo mpana, mtoto wa mgonjwa hushauriwa kuanza vipimo akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua mzazi, kutegemea upi unatangulia. Baba aliugua akiwa na 42? Wewe anza ukiwa na 32. Tazama mstari mmoja wa daftari ulivyokuongezea miaka minane!

Daktari akiuliza, "Kuna saratani kwenu?", usijibu "sijui" tena. Mfungulie daftari mezani, umsomee.

Shangazi yuko nyumbani jioni hii, na bado anakumbuka. Mpigie.