Je, Yafaa Kutia Kipande Usoni kwa Kutaka Uzuri?

Mama mmoja alitujia baada ya darasa ya Alasiri na suala ambalo hatukuona vema kulijibu kwa neno moja. Binti yake ana kidevu kidogo kilichorudi nyuma. Hana maradhi, anakula na anasema kama wenziwe. Lakini amechekwa tangu chuoni, na sasa posa yake imevunjika. Ameweka akiba ya fedha apasuliwe, atiwe kidevu cha kufanywa. Je, yafaa?

Kwanza na tukijue kitu chenyewe, kwani ahukumuye asilolijua hudhulumu. Daktari hupasua ndani ya mdomo au chini ya kidevu, akafungua nafasi juu ya mfupa, akatia kipande cha silikoni au cha plastiki yenye vitundu, kisha akashona. Uso huvimba majuma kadhaa. Mdomo wa chini waweza kufa ganzi, na kwa wachache ganzi hiyo haiondoki. Kipande chaweza kuingia vijidudu, au kuhama mahali pake, au kuula mfupa ulio chini yake. Hapo huenda ikalazimu kupasuliwa tena ili kitolewe. Tabibu mwaminifu huyasema haya kabla ya kupokea fedha, wala haahidi posa.

Ama sheria, haikukataza kila kitiwacho usoni. Arfaja bin Asaad, R.A., alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijifanyia pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume, S.A.W., akamwamrisha afanye ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Tazama, ewe msomaji: pua ile haikuwa dawa ya kuokoa uhai, ilimrudishia uso wa kukabili watu. Basi kilema cha uso kina uzito mbele ya sheria. Na kazi aliyoifanya daktari Harold Gillies huko Sidcup, Uingereza, tangu 1917, ya kuwatengenezea nyuso askari walioharibiwa na mizinga, ni ya mlango huu huu.

Upande wa pili, imethubutu katika Hadithi ya Ibn Masud laana juu ya wanaotenganisha meno kwa kutaka uzuri, wakabadili umbile la Mwenyezi Mungu. Hiyo sababu ya kutaka uzuri ndiyo iliyobeba hukumu. Na wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, walipokutana Putrajaya, Malaysia, 2007, walipambanua vivyo hivyo: kurudisha umbo la kawaida na kuondoa kilema kunafaa, kubadili umbo la kawaida kwa kufuata matamanio hakufai.

Basi mizani ni hii. Ikiwa matabibu waadilifu, wasioutazamia ujira, wanaona umbo limetoka nje ya maumbile ya kawaida, au taya zimeathirika na kula kumekuwa taabu, mlango uko wazi. Ikiwa ni kidevu kama videvu vya watu wengi, basi dhara haikutoka kidevuni. Imetoka katika ndimi zetu. Na dhara ya ulimi haiponywi kwa kisu. Matabibu wenyewe wameona kuwa aliyezama katika kuichukia sura yake ni nadra kutulia baada ya kupasuliwa. Huamka siku ya pili akaanza kulitazama jicho.

Kwa sifa alizotupa mama yule, sisi hatuoni ruhusa. Lakini binti asiambiwe kwa ukali, wala asiitwe mpungufu wa imani, kwani yeye ndiye aliyedhulumiwa. Ni ajabu kumpeleka aliyedhulumiwa kwenye kisu na aliyemdhulumu tukamwacha barazani anacheka! Kurani imekataza watu kudharauliana, nasi twaisoma Aya hiyo kisha twawaita watoto kwa vilema vyao.

Zahir, bedui asiyekuwa na sura nzuri, alijiona ni bidhaa isiyonunulika. Mtume, S.A.W., alimkumbatia sokoni mbele ya watu, akamwambia kuwa kwa Mwenyezi Mungu yeye si rahisi. Hakumbadilisha uso, aliwabadilisha waliokuwa wakiutazama.

Na tuanze hapo, majumbani mwetu na vyuoni mwetu. Wallahu aalam.