Kunyamaza Ni Kusema Uongo?

Kijana mmoja katika kundi langu la vijana hapa Kigali alipata kazi ya kuhudumu kwenye mgahawa, upande wa Kimironko. Siku ya tatu bosi akamwomba kitambulisho ili waandike mkataba. Jioni akanifuata: "Yaya, nimpe ile kadi ya mkimbizi ama nimwambie nimeipoteza?"

Anaongea Kinyarwanda kama mtoto wa Gicumbi. Na kweli ni wa Gicumbi, alizaliwa kambi ya Gihembe, ila makaratasi hayasemi hivyo. Pale kazini hakuna aliyekuwa amemuuliza anatoka wapi.

Nikamwambia: mpe. Akampa. Bosi akaigeuza-geuza ile kadi, akamwambia atafute kwanza kibali cha kazi kama wageni wengine. Kesho yake nafasi ikawa na mtu mwingine.

Bosi hakujua. Sheria ya Rwanda kuhusu wakimbizi inatupa haki zilizo kwenye mikataba ambayo nchi imetia sahihi. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 17, unasema vizuizi vya kulinda kazi za wenyeji havimgusi mkimbizi aliyemaliza miaka mitatu nchini. Huyu kijana ana miaka 22, yote ameimalizia hapahapa. Lakini nani amemsomea bosi kifungu cha 17? Yeye ameona neno "mkimbizi" na tarehe ya kadi kuisha, akaona mtu wa kupita.

Hilo neno "kwa muda" linanisumbua. Marekani wana ulinzi wa muda, ulianza kwa sheria ya 1990, na anayeupata anaruhusiwa kufanya kazi. Wanyarwanda waliupata 1994 ukaisha 1997. Warundi waliupata 1997 ukaisha 2009. Miaka kumi na zaidi ya "kwa muda"! Mtu anaoa, anazaa, anapanda cheo, na bado bosi wake anaangalia kalenda. Kwetu Gihembe ilifunguliwa 1997, watu wakahamishiwa Mahama, kambi ikafungwa 2021. Kambi ilikuwa ya muda kweli, ukimbizi ndio ulibaki.

Sasa turudi kwa swali la kijana. Namjua dada mmoja anayefanya kazi ya saluni, hajawahi kuonyesha kadi. Anasema hajadanganya mtu, ameficha tu kitu ambacho hakihusiani na nywele. Mimi naona ana haki kwa nusu. Bosi ana haki ya kujua kama unajua kazi na kama unaruhusiwa kuifanya. Ulizaliwa wapi, ulikimbia nini, hayo si deni lako kwake. Lakini ukisema "nimeipoteza", hapo umeshatoka kwenye kunyamaza. Tena yule dada mshahara ukichelewa halalamiki, anaogopa maswali. Na kila mmoja wetu akificha, mabosi wataendelea kutojua, na anayekuja nyuma yetu atakuta mlango uleule.

Ndiyo sababu nilimwambia ampe. Maneno mazuri, sivyo? Ila niliyasema mimi mwenye mshahara, akayalipia yeye. Tangu 2021 chakula cha msaada kinagawanywa kwa kuangalia nani ana uhitaji zaidi, na wengine tunaambiwa tujitegemee. Huwezi kumwambia mtu ajitegemee, halafu umpe pia kazi ya kuwafundisha mabosi sheria, akiwa na njaa, siku ya tatu ya kazi. Hiyo kazi ilikuwa yangu, na ya mashirika yanayosoma ukurasa huu. Ningetangulia mimi na ile sheria mkononi, ndipo kadi ifuate.

Nilienda, nikiwa nimechelewa. Bosi alinisikiliza vizuri, hata soda akanipa. Akasema, "Kumbe! Sikujua." Nafasi haikuwepo tena.

Nilipomweleza kijana, akaniuliza, "Na wewe yaya, kazi yako ya kwanza ulionyesha kadi?"

Nilikuwa nimesema imepotea. Nilimjibu kwamba ni habari ndefu, nikamlipia moto arudi nyumbani.