Kuachwa

Mgonjwa akipona, hatusemi ametoka hospitali tu, tunasema ameruhusiwa. "Vipi shemeji, mgonjwa wetu?" "Tunashukuru Mungu, ameruhusiwa jana." Ni neno la ofisini, la cheti na mhuri, lakini limekaa vinywani mwetu mpaka likapata joto. Hospitali ndiyo nyumba ambayo mgeni wake, akiaga, huombewa asirudi tena.

Basi tukikuta hospitali ya shamba imeachwa, bati limeng'olewa, mpapai umeota chumba cha sindano, kinachotuuma ni nini hasa? Utupu? Najua, swali lenyewe lina ujanja. Zahanati haifungwi kwa kuwa watu wote wamepona. Hufungwa kwa kuwa dawa haziji, mganga amehamishwa, wafadhili wamekwenda kwao, au kijiji chenyewe kimehama. Hata hivyo swali halinitoki, hasa nikiifikiria Karema.

Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo pale kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold II, na ikasimama ngome. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Mapadre Weupe. Ngome ilijengwa karibu na maji, lakini miaka ileile ziwa lilikuwa limefungua njia ya kutokea kwa mto Lukuga, upande wa Kongo, likaanza kushuka. Ngome ikabaki nchi kavu, inatazama maji kwa mbali. Watu huhama, sawa. Huku hata ziwa lilihama.

Mwaka 1889 alifika hapo kijana aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 kandokando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, kisha Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, akampeleka Malta kusomea udaktari. Alipokanyaga Karema hakuondoka. Alitibu watu pale, daktari na katekista kwa pamoja, hadi alipofariki mwaka 1956. Alifika Wajerumani hawajaimarika bara. Alipozikwa, TANU ilikuwa haijatimiza miaka miwili. Miaka 67 ya vidonda, homa na wazazi wenye uchungu usiku wa manane!

Kiswahili kina mzaha wake hapa. Jengo huachwa. Mke huachwa. Mtumwa naye huachwa: huachwa huru. Yule aliyepata kuwa bidhaa aliachwa kwa maana iliyo njema kuliko zote, kisha yeye mwenyewe akakataa kuacha.

Nini kimebaki? Jina lake lipo. Sumbawanga kuna hospitali inayolibeba. Lakini mgeni anayekwenda Karema kutafuta historia hutafuta kuta za ngome, na kuta hizo zilijengwa kwa hofu. Hofu hujenga kwa mawe. Tiba haina mazoea hayo. Jipu lililopasuliwa mwaka 1903 halina mnara, na mtoto aliyegeuzwa tumboni akazaliwa salama hana kibao. Ushahidi wa daktari huinuka kitandani, huvaa nguo zake, huenda zake nyumbani kulima mihogo, na miaka arobaini baadaye hufa kwa jambo jingine kabisa. Aliyeshindikana ndiye anayebaki hapohapo, kaburini. Ndiyo maana gofu la hospitali hulaghai: limehifadhi yaliyoshindikana, na yaliyofanikiwa yameruhusiwa.

Na gofu, kumbuka, ni neno tunalompa mtu pia, yule aliyekondeshwa na maradhi mpaka mbavu zikahesabika. Jengo na mgonjwa tumewapa neno moja.

Katumba, jirani na mji wa Mpanda, iliona upande mwingine wa jambo hili. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi pale, wakafyeka, wakalima, wakazaa. Kisha, walipokuwa wakiomba uraia, ikapangwa kwamba makazi yafungwe na watu watawanywe mikoa mingine. Kwa miaka kadhaa kila kilichojengwa pale kilikuwa kimeahidiwa kuachwa. Unapaka rangi ukuta wa zahanati ya namna hiyo? Unapanda kivuli cha kusubiria foleni? Mwaka 2014 vyeti vya uraia vikaanza kutolewa, na watu wakaambiwa wanaweza kubaki. Nao wakapata ruhusa, ila ya kutokwenda popote.

Ukiingia zahanati iliyofungwa, tazama juu. Milango itakuwa imeibwa, fremu za madirisha vilevile, benchi limekuwa kuni zamani. Mara nyingi husalia kulabu ya mizani ya kliniki kwenye boriti ya kibarazani, maana haina kazi nyingine na iko juu mno. Tafuta kitu upande juu yake uitazame kwa karibu. Upande wa ndani chuma kimelika, pale uzito ulipokuwa ukining'inia: watoto wamevalishwa kile kisuruali cha kushonwa, wanapiga mateke hewani na kulia kwa ghadhabu, na chini yao mama ameshika kadi, anangoja aone nukta itaangukia kijani au nyekundu.