Salamu ya Herufi Tano

Wako watu wazima waonao haya kuonekana wakicheza. Mtu akiketi asubuhi na kikombe chake cha chai, akakunja uso juu ya fumbo la maneno, jirani humwuliza kama amekosa kazi. Leo hatukusudii kuwalaumu wacheza mafumbo, wala kuwasifu. Twataka kutazama fumbo moja dogo tu, jinsi lilivyoanza na jambo lililotokea kwa sababu yake, kwa maana mna fundisho ndani yake litufaalo sote, hata sisi ambao pengine hatutalicheza kamwe.

Gazeti la The New York Times la Marekani huwapa wasomaji wake kila siku fumbo liitwalo Spelling Bee. Mchezaji hupewa herufi saba tu, moja katikati na sita kuizunguka. Kazi yake ni kuunda maneno mengi kadiri awezavyo. Kila neno lisipungue herufi nne, na kila neno sharti liwe na ile herufi ya katikati. Neno liwe refu na zuri namna gani, likiikosa herufi ile halihesabiwi.

Siku za ugonjwa wa korona, watu walipolazimika kukaa majumbani, walikuwako wawili waliozoea kulifumbua fumbo hilo pamoja: Josh Wardle, fundi wa programu za kompyuta aliyekuwa akikaa Brooklyn, na mwenzi wake Palak Shah. Wardle alijua jinsi mwenzi wake apendavyo michezo ya maneno, akamtengenezea mchezo wake mwenyewe, akauita Wordle. Ni neno moja kwa siku, lenye herufi tano, la kukisiwa kwa majaribio sita. Kila jaribio hujibiwa kwa rangi: kijani, herufi imo na imekaa mahali pake, manjano, imo lakini si mahali pale, kijivu, haimo kabisa. Palak Shah naye aliyapitia maneno ya Kiingereza ya herufi tano, yapata 12,000, akachagua kama 2,500 yajulikanayo na watu wa kawaida.

Mwezi wa Oktoba 2021 mchezo ulitolewa kwa watu wote. Tarehe 1 Novemba waliucheza watu 90. Tarehe 2 Januari 2022 waliucheza zaidi ya watu 300,000, na mwezi huo haujaisha gazeti lile lile likaununua. Hivyo kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kumfurahisha mtu mmoja kilipata kufurahisha umati.

Na kwa kuwa neno ni moja kwa wote, watu wakaanza kupelekeana matokeo yao. Hawapeleki jibu, wasije wakamharibia mwingine mchezo. Hupeleka miraba midogo ya rangi, ionyeshayo ni kwa majaribio mangapi walifika. Mtu asiyeelewa ataona upuuzi mtupu. Walakini kwa anayepokea, miraba ile husema: nimeamka, ni mzima, nimekukumbuka.

Basi, mwezi wa Februari 2022, mama mmoja wa miaka 80, akaaye karibu na jiji la Chicago, alivamiwa usiku nyumbani mwake na mtu asiyemjua. Alitishwa, kisha akafungiwa chumbani, hana simu, hana njia ya kuita. Lakini huyo mama alikuwa na desturi ya kumpelekea binti yake matokeo ya fumbo kila siku, na binti yuko Seattle, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapo. Siku ile miraba haikufika. Binti hakusema, “Labda amechoka.” Alifadhaika, na polisi wakaombwa kwenda kumwangalia mama. Walikwenda, wakamkuta, wakamtoa salama.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Ndivyo ilivyo mara nyingi duniani. Mama yule hakuwapo, lakini lake lilikuwapo, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyezoea kumtazamia. Hakuokolewa na herufi tano. Aliokolewa na uaminifu wa siku nyingi ambazo hakuna lililotukia. Kama binti angaliipokea miraba ile bila kuitazama, siku ilipokosekana asingalitambua.

Sote twaujua mfano wa Bwana wetu juu ya mchungaji mwenye kondoo mia, aliyewaacha tisini na tisa akamtafuta mmoja aliyepotea. Twapenda kumsifu kwa kutafuta kwake. Lakini alijuaje kwamba mmoja hayupo? Tisini na tisa ni kundi kubwa. Kwa jicho la haraka ni sawa na mia. Alijua kwa sababu alikuwa na desturi ya kuwahesabu. Kabla ya upendo ule mkuu wa kutafuta, ulikuwapo upendo mdogo wa kuhesabu, ambao hakuna anayeuimba.

Yafaa tujiulize bila kujificha. Tukinyamaza leo, ni nani atakayetambua kabla ya jua kuchwa? Na lililo zito zaidi: ni nani ambaye akinyamaza, sisi tutatambua? Yuko bibi ambaye huketi benchi lile lile kila Jumapili. Akikosa Jumapili mbili, twauliza, au twaona tu kwamba nafasi imepatikana? Yuko kijana aliyekwenda mjini kutafuta kazi, aliyekuwa akipiga simu kila juma, na sasa kimya. Yuko mzee wa jumuiya yetu ambaye wanawe wako ng’ambo. Fedha huja kila mwezi, lakini sauti haiji. Twakutana kwa wingi katika mazishi, na michango twatoa. Yote ni mema. Lakini ile herufi ya katikati je? Matendo yetu yawe marefu na mazuri namna gani, yakiukosa upendo umjuao mtu kwa jina na kwa siku zake, twaogopa yasihesabiwe.

Hatuhitaji simu ya thamani wala kujua Kiingereza ili tuanze. Hodi ya asubuhi mlangoni kwa jirani yatosha. Salamu fupi yatosha, mradi iwe ya kila siku, na mradi anayeipokea aitazame kweli. Kila mmoja wetu na achague mtu mmoja juma hili, hasa aliye peke yake, amjulie hali leo, na kesho, na kesho kutwa. Na siku ile jibu lisipokuja, asikae akikisia. Ainuke aende.