Fimbo na Jembe

Katika mji wa Oklahoma City, Marekani, lipo jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1965 kuwaenzi wachunga ng'ombe. Humo mna matandiko ya farasi, bunduki na picha za kuchora. Mna pia sanamu ya James Earle Fraser iliyoonyeshwa San Francisco mwaka 1915: mwenyeji wa asili ameinama juu ya farasi aliyechoka. Aliyepoteza ardhi amehifadhiwa katika nyumba ya sifa za walioipata.

Mimi ni mkulima wa Chanzuru, Kilosa. Kwetu mchunga ng'ombe hana jumba, ana lawama. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii, wakulima 38 waliuawa katika ugomvi na wafugaji. Miaka kadhaa baadaye ng'ombe walikula mahindi yangu, nikamkamata kijana aliyewachunga. Nilikwisha kuinua mkono aliponiambia, "Mzee, nionyeshe njia ya kwenda mtoni isiyopita katika shamba la mtu." Nikaitafuta njia hiyo moyoni, nisiione. Mkono ukashuka.

Je, ni haki kumtukuza mmoja na kumsahau mwenzake? Sifa huchagua upande. Kumbukumbu haina ruhusa hiyo. Kama tungejenga makumbusho Kilosa, ningeomba jembe na fimbo ya mchungaji vikae katika kabati moja, na majina ya wale 38 yaandikwe ukutani.

Lakini nakiri, ndugu msomaji: fimbo ile ningeiweka kwa mkono mzito. Hata hivyo ningeiweka.